Bunduki Iliyohama Kioo cha Nyuma

Mwulize Mmarekani wa kijijini aliyesoma sekondari miaka ya 1960 au 1970 kuhusu silaha na shule, na mara nyingi utapewa jibu lile lile: enzi zetu pikapu zilijaa kwenye maegesho ya shule, bunduki zimetundikwa kwenye vioo vya nyuma, na hakuna aliyempiga mwenzake. Utayasikia maneno hayo Texas, Montana, Wyoming na vijiji vya Pennsylvania, na nyuma yake kuna swali: kama bunduki zilikuwepo na watoto walikuwepo, basi kilichoharibika ni nini?

Swali ni la haki. Majibu ndiyo huwa mepesi mno. Huyu atasema maadili yameoza, yule atasema wazee wanajipamba kwa hadithi. Hadithi si uongo. Pikapu zilikuwepo na bunduki zilikuwepo. Ila bunduki ile ya kwenye kioo na hii iliyomo ndani ya pikapu leo hazifanani kwa umbo, kwa kazi, wala kwa mahali zinapokaa, na kila moja ina wake inayemngoja: ile ilimngoja mnyama, hii inamngoja mtu. Bunduki ilipotoka machoni pa watu ikaingia mafichoni, iliondoka na mambo mengi.

Nieleweke mapema kwamba sizungumzii zile Toyota za vitani zenye bunduki nzito mgongoni. Nazungumzia gari la mkulima na la mfugaji, na siku hizi gari la mfanyakazi wa ofisini pia.

Kitundikio chenyewe kilikuwa kifaa rahisi: mikono miwili ya mbao au chuma iliyofungwa kushoto na kulia mwa kioo cha nyuma, kila mmoja na kulabu mbili au tatu zilizovishwa mpira au kitambaa ili mtutu usichubuke. Pikapu za wakati huo karibu zote zilikuwa singo kebini, kiti kimoja kirefu na kioo karibu kabisa na kisogo cha dereva. Bunduki ndefu ungeiweka wapi kwingine? Chini ya kiti kuna jeki na minyororo. Sakafuni kuna matope. Nyuma kwenye bodi kuna mvua, majani makavu ya ng'ombe, na mbwa. Kioo ndicho kilichobaki.

Kulabu za juu zilibeba bunduki. Za chini zilibeba chochote: fimbo ya kuswagia ng'ombe, mwavuli, ufito wa kuvulia samaki, pimamaji ya fundi. Bunduki yenyewe kwa kawaida ilikuwa ya kazi, mara nyingi Winchester ya muundo wa 1894, fupi na bapa, inayokokwa kwa wenzo wa chini karibu na kifyatulio, au bunduki ndogo ya .22 ya kupigia wadudu wa shamba wenye miguu minne. Mfugaji aliihitaji koyote alipovizia ndama, nyoka mwenye sumu alipojikunja kwenye lango la zizi, au ng'ombe aliyevunjika mguu alipolazimika kupumzishwa. Vuli ilipofika, ilikuwa ya kulungu. Sifa yake kubwa ilikuwa kuwa karibu, na maisha ya garini hayakuipendelea. Jua lilipausha mbao za kitako, vumbi liliingia kwenye mitambo, barabara za changarawe zililegeza skrubu za darubini hadi ikawa hailengi sawa. Mwenye bunduki ya thamani aliiacha nyumbani.

Mwanafunzi aliyeendesha pikapu ya baba yake hadi shuleni alikuwa na bunduki ile kwa sababu alitoka kuwinda alfajiri, au alikusudia kwenda baada ya kengele ya mwisho. Pennsylvania, kwa miaka mingi, Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo kwa sababu wangekuja wachache, wanafunzi kwa walimu. Mwaka 2019 ndipo jimbo liliuhamishia ufunguzi Jumamosi. Palipo na kalenda ya namna hiyo, bunduki kwenye kioo ilijieleza yenyewe. Mwalimu aliyeiona Novemba alijua inakwenda wapi.

Texas ndiyo inayofundisha zaidi. Jimbo hilo, ambalo sinema zimetuaminisha kwamba kila mtu hutembea na bastola kiunoni, lilipiga marufuku kubeba bastola mwaka 1871. Sheria ilikuwa na mianya yake, hasa kwa msafiri, lakini msingi ulisimama kwa zaidi ya miaka 120. Bunduki ndefu iliyo wazi haikuwa na ugomvi na serikali. Bastola mwilini ilikuwa kosa. Mantiki yake iko wazi hata kwa mgeni: mwenye bunduki ndefu inayoonekana anakwenda porini au anatoka porini, lakini aliyeficha bastola chini ya koti anamngoja mtu. Kwa hiyo kioo cha nyuma hakikuwa tu nafasi iliyobaki ndani ya gari. Kilikuwa nafasi ambayo desturi na sheria ziliielewa kwa namna moja.

Sheria za wanyamapori nazo zilikuwa na neno. Majimbo mengi, Pennsylvania likiwemo, yalikataza bunduki ndefu yenye risasi ndani ya gari. Sababu ilikuwa majangili waliomulika kulungu kwa taa usiku na kuwapiga kupitia dirishani, na ajali za watu wanaochomoa bunduki iliyokokwa kutoka kwenye kiti. Mtu anayekuambia kwamba zamani hapakuwa na sheria, watu walikuwa na akili tu, amemsahau askari wa wanyamapori aliyesimama njia panda akikagua kama chemba ni tupu. Desturi ya zamani kwa ukamilifu wake ilikuwa bunduki wazi na bila risasi. Leo kinachosafiri zaidi ni bastola iliyojaa, imefichwa.

Mageuzi ya Texas yana tarehe. Tarehe 16 Oktoba 1991, mjini Killeen, mwanamume mmoja aliigongesha pikapu yake kwenye kioo cha mbele cha mkahawa wa Luby's saa za chakula cha mchana, akashuka na bastola mbili, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa nje, ndani ya gari, kwa kuwa sheria haikumruhusu kuingia nayo mkahawani. Baba na mama yake waliuawa wote wawili. Hupp alisimulia kisa hicho mbele ya mabunge mbalimbali, na mwaka 1996 akachaguliwa kuingia bunge la Texas. Kabla ya hapo, mwaka 1995, gavana George W. Bush alikuwa ameshatia saini sheria ya kuruhusu bastola zilizofichwa kwa wenye leseni. Mwaka 2007 leseni ikaondolewa kwa bastola iliyomo ndani ya gari la mtu mwenyewe, mradi isionekane. Mwaka 2021 leseni ikaacha kuwa sharti hata nje ya gari, kwa watu wazima wengi.

Mradi isionekane. Katika miaka 136, kutoka 1871 hadi 2007, jimbo moja lilipindua kabisa kanuni ya garini. Mwanzoni kosa lilikuwa kuibeba bastola. Mwishoni kosa likawa kuiacha ionekane. Sidhani kama kuna kipimo kizuri zaidi cha mabadiliko haya kuliko sentensi hiyo moja ya sheria ya 2007.

Hoja ya Hupp si ya kubezwa. Mtu aliyewaona wazazi wake wakifa huku silaha yake ikiwa mita chache nje ana haki ya kuuliza sheria ile ilimlinda nani. Lakini tazama kilichotokea kwa mahali penyewe. Gari, lililokuwa chombo cha kufikia porini, likawa ghala la silaha ya kujilinda mjini, na kila mlango ambao mwenye bastola haruhusiwi kuingia nayo, iwe mahakama, shule, uwanja wa mpira au ofisi yenye bango, ukawa sababu ya kuiacha kwenye gari nje.

Zaidi ya sheria, nia yenyewe ilibadilika. Mwaka 1999, wamiliki wa silaha walipoulizwa sababu yao kuu, asilimia 49 walisema uwindaji na 26 walisema ulinzi. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza swali hilo mwaka 2013, ulinzi ulikuwa asilimia 48 na uwindaji 32. Leseni za uwindaji zilifikia karibu milioni 17 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ni kama milioni 15, na ndani ya kipindi hicho watu wa Marekani wameongezeka kutoka milioni 230 hivi hadi zaidi ya milioni 330. Viwandani bastola zimezipita bunduki ndefu. Kinachoshangaza ni kwamba hofu iliendelea kukua hata uhalifu ulipopungua: kiwango cha mauaji kilikuwa kama 10 kwa kila watu 100,000 mwaka 1980, na mwaka 2014 kilikuwa chini ya 5. Babu aliyetundika Winchester kwenye kioo aliishi katika nchi yenye mauaji mengi zaidi kuliko mjukuu wake wa 2014 mwenye bastola kwenye droo ya dashibodi.

Pikapu nayo si ile. Ford za mfululizo wa F zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977, lakini anayeinunua leo mara nyingi anataka dabo kebini, milango minne, viti vya ngozi na kiti cha mtoto nyuma. Kioo cha nyuma sasa kiko nyuma ya vichwa vya watoto, mara nyingi kimetiwa giza, na kuna mifuko ya hewa inayofumka pembeni ajali ikitokea. Hata mtu angependa kutundika bunduki pale, angeitundika juu ya kichwa cha binti yake. Ndiyo maana maduka yanauza makasha ya chuma ya kufungwa chini ya kiti, sefu ndogo za kuingia katikati ya viti viwili vya mbele, na hata sumaku za kunasisha bastola chini ya usukani. Hizo sumaku sizielewi. Zinamfaa mwenye gari kwa sekunde moja na kumfaa mwizi kwa sekunde hiyo hiyo, na mtoto aliyekaa mbele pia.

Wapo bado wanaobeba bunduki ndefu, na si wafugaji tu. Nguruwe mwitu wamejaa Texas kiasi kwamba mwaka 2011 jimbo liliruhusu wapigwe hata kutoka kwenye helikopta, na mkulima anayeamka akakuta mahindi yamefukuliwa safu nzima hahitaji kuelezwa faida ya bunduki garini. Ila Winchester imeipisha AR-15, na hapo sheria imeleta kituko. Majimbo kadhaa yanakataza bunduki ndefu yenye risasi garini lakini yanaruhusu bastola iliyojaa, na ipo AR-15 iliyokatwa ikawa fupi, bila kitako cha kawaida, ikaitwa bastola. Katiba ya zamani ya kioo cha nyuma iligeuzwa kichwa chini kwa msumeno.

Kwenye shule, njia ilikwenda upande mwingine. Mwaka 1990 Kongresi ilipitisha sheria ya maeneo ya shule yasiyo na silaha, ikachora mpaka wa futi 1,000, yaani kama mita 300, kuzunguka kila shule. Kesi iliyoijaribu haikuhusu pikapu wala kulungu. Alfonso Lopez, mwanafunzi wa darasa la 12 mjini San Antonio, alikamatwa shuleni mwaka 1992 na bastola ya .38, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema Kongresi imevuka mamlaka yake. Mwaka uliofuata Kongresi iliiandika upya, safari hii ikihusisha silaha zilizopitia biashara baina ya majimbo, ambazo ni karibu zote. Ndani ya sheria hiyo kuna kipengele kidogo kinachoonyesha kwamba waliotunga waliijua nchi yao: bunduki isiyo na risasi inasamehewa ikiwa imo ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, au kwenye kitundikio cha garini kilichofungwa kwa kufuli. Kitundikio kipo kwenye sheria ya shirikisho hadi leo, ingawa ni wachache wanaoendelea kukitumia.

Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, tarehe 20 Aprili 1999, ambapo wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa, wakuu wa shule wengi hawakutaka kusikia habari za vipengele. Mwaka 2009, mji mdogo wa Willows, California, kijana mmoja alitoka kuwinda ndege asubuhi, akaegesha pikapu yake kwenye barabara ya umma kando ya shule, bunduki mbili zisizo na risasi zikiwa ndani. Mbwa wa kunusa walipitishwa, wakasimama kwenye gari lake, akafukuzwa. Bodi ya elimu ya kaunti ilibatilisha adhabu hiyo mapema mwaka 2010. Kijana alikuwa amefanya kile kile ambacho wanaume wa umri wa babu yake walikifanya bila kuulizwa, ila sasa mwalimu anayeiona bunduki Novemba hawezi tena kuthubutu kukisia inakwenda wapi. Ukiwa wewe ndiye mkuu wa shule, na umesoma majina ya waliokufa Columbine, ungekisia?

Na lile dai kwamba hakuna aliyempiga mwenzake lina mipaka yake. Tarehe 1 Agosti 1966, Charles Whitman alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin akaanza kuwapiga watu walioko chini. Raia walikimbilia bunduki zao za kulungu, za majumbani na za magarini, wakajibu kutoka nyuma ya miti na kuta. Wapo wanaosema risasi hizo zilimlazimisha kujikunyata na kupunguza madhara, na nadhani wana hoja. Wapo wanaokumbusha kwamba polisi waliopanda juu kumkabili walikuwa pia njiani mwa risasi hizo. Miaka 31 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1997, mjini Pearl, Mississippi, naibu mkuu wa shule Joel Myrick alikimbilia bastola iliyokuwa kwenye gari lake na kumzuia kijana aliyekuwa ameshaua wanafunzi wawili. Visa hivyo vinatajwa sana na wanaotaka silaha zirudi magarini, na ni vya kweli. Nimevisoma kwa makini, na ninachoona ni kwamba katika vyote viwili silaha ilifika baada ya watu kufa, mkononi mwa mtu mzima aliyejua anachofanya. Havituelezi lolote kuhusu silaha ile ile siku nyingine 300 za mwaka, gari likiwa limeegeshwa tu.

Maegesho ya kazini yalileta vita vyake. Mwaka 2002, mjini Valliant, Oklahoma, kiwanda cha karatasi cha Weyerhaeuser kilifanya msako wa magari ya wafanyakazi na kuwafukuza kazi waliokutwa na bunduki ndani. Ulikuwa mwezi Oktoba, majira ya uwindaji, na waliofukuzwa walikuwa watu ambao mji mzima uliwajua. Bunge la Oklahoma lilijibu mwaka 2004 kwa sheria ya kuwazuia waajiri kukataza silaha zilizofungiwa ndani ya magari. Kampuni kubwa zilikwenda mahakamani zikidai mwenye ardhi ndiye mwenye neno, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaipa Oklahoma ushindi. Florida na Georgia zilipitisha sheria kama hizo mwaka 2008, Texas 2011, Tennessee 2013. Haki mbili ambazo Mmarekani wa kihafidhina huzipenda sana, ya silaha na ya mali, ziligongana kwenye kipande cha lami, na silaha ikashinda. Binafsi naona mwindaji wa Valliant alionewa. Sheria iliyotungwa kwa ajili yake, hata hivyo, ilimfungulia mlango mtu wa aina nyingine, mwenye bastola garini mwaka mzima, ambaye hata msimu wa kulungu haujui unaanza lini.

Na mlango ukishafunguliwa hauchagui anayeingia. Wezi wamejifunza. Shirika la Everytown, linalopigania sheria kali zaidi za silaha, lilichambua takwimu za FBI na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizoibwa mwaka 2022 katika miji iliyoangaliwa zilitoka ndani ya magari, na kwamba sehemu hiyo ilikuwa imepanda sana ndani ya miaka kumi. Hata anayelishuku shirika hilo anaweza kuangalia Nashville, Tennessee, ambako polisi hutangaza idadi kila wiki na kuwasihi raia, wiki baada ya wiki, wafunge milango na wachukue bastola zao waingie nazo ndani. Mwizi hahitaji kuiona. Bango la kampuni ya silaha kwenye bampa linamwambia vya kutosha, na maegesho ya uwanja wa mpira, ambako maelfu wamelazimika kuziacha, ni kama ghala lisilo na mlinzi. Vijana hupita usiku wakijaribu vitasa, gari baada ya gari. Wala si raia tu wanaoibiwa: bastola iliyomuua mwanamke mmoja kwenye gati la San Francisco mwezi Julai 2015 ilikuwa imeibwa siku chache kabla kutoka kwenye gari la askari wa serikali ya shirikisho.

Winchester ya kwenye kioo nayo iliibwa, bila shaka. Lakini katika mji wa watu 800, mwizi angemuuzia nani bunduki ambayo kila mtu anaijua kwa kovu la kitako chake? Bastola nyeusi ya plastiki, sawa kabisa na nyingine laki kadhaa, inauzwa kabla mwenyewe hajaamka.

Colorado imejaribu njia ya kati. Tangu Januari 2025, bastola inayoachwa ndani ya gari bila mtu lazima iwe kwenye kasha gumu lililofungwa, lisiloonekana, na gari lenyewe liwe limefungwa. Kwa bunduki ndefu hata mfuko laini wenye kufuli unakubalika. Wapinzani wanalalamika kwamba anayeibiwa ndiye anayeadhibiwa. Ni malalamiko yenye uzito kidogo, lakini mtu aliyeacha bastola iliyojaa chini ya kiti kwenye maegesho ya mjini hawezi kudai kwamba hakujua.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi ya kioo cha nyuma hayaligusi kabisa: kioo kile kilikuwa cha nani. Mweusi wa Louisiana mwaka 1964 hakuona mwindaji alipoona pikapu yenye bunduki ikimfuata barabarani usiku. Mwaka huo huo, mjini Jonesboro katika jimbo hilo, wanaume Weusi, wengi wao wakiwa wamepitia jeshini, walianzisha kikundi cha Deacons for Defense and Justice, wakawa wanawasindikiza wanaharakati wa haki za kiraia kwa magari yenye silaha. Huko Oakland, California, wanachama wa kikundi cha Weusi cha Black Panther walifuata magari ya polisi wakiwa na bunduki zilizo wazi, jambo ambalo sheria ya wakati huo iliruhusu. Mwaka 1967 jimbo likabadilisha sheria: kubeba bunduki yenye risasi hadharani, hata ndani ya gari, kukawa kosa. Aliyetia saini ni gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye aligeuka kipenzi cha watetezi wa silaha. Bunduki wazi garini ilivumilika mpaka ilipobebwa na mtu asiyetarajiwa.

Mambo hayo hayakuisha na karne. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na Saint Paul, Minnesota, Philando Castile, Mweusi mwenye leseni ya kubeba bastola, alisimamishwa na polisi akiwa na mwenzake na mtoto ndani ya gari. Alimwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha. Askari alimpiga risasi akafa, na mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru askari huyo. Na tarehe 23 Februari 2020, karibu na Brunswick, Georgia, baba na mwana, Wazungu, walimfukuza Ahmaud Arbery, Mweusi aliyekuwa akikimbia mtaani kwa miguu. Walikuwa kwenye pikapu, na bastola na bunduki ya marisau. Mwana ndiye aliyefyatua. Walitiwa hatiani Novemba 2021. Wiki chache kabla ya kumuua Arbery, tarehe 1 Januari, mwana huyo alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola yake imeibwa kutoka kwenye pikapu iliyoegeshwa nje ya nyumba yao. Wizi ule ukawa sehemu ya shaka waliyokuwa nayo juu ya wapita njia. Silaha iliyowekwa garini kwa ajili ya usalama iliibwa, wizi ukaleta hofu, hofu ikapanda kwenye pikapu ile ile ikiwa na silaha nyingine.

Wasomaji wetu walioko Dallas, Houston, Louisville au Des Moines hawalioni suala hili kwa mbali. Baadhi yao ni madereva wa malori, na wenzao wa kazini hubeba silaha. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati kabisa hana mwanya huo. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao hata kama ameishi huko miaka 20. Halafu kuna mipaka ya majimbo. Kinachoruhusiwa Texas bila karatasi yoyote ni kosa kubwa la jinai New Jersey. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayepita tu, mradi silaha iwe halali atokako na aendako, iwe haina risasi, na isiwe mahali anapoweza kuifikia. Gari lisilo na buti ya nyuma, kama pikapu, linahitaji kasha lenye kufuli, na sheria inataja waziwazi kwamba droo ya dashibodi na sanduku la katikati ya viti havihesabiki. Michigan, mwenye kibali akisimamishwa na polisi sharti ajitangaze papo hapo kwamba anayo. Texas hakuna sharti la kujitangaza kabla ya kuulizwa. Ndugu yetu mwenye lafudhi ya Kigoma au ya Bukavu, anayekabidhi leseni yake ya udereva dirishani usiku barabara kuu ya 40, anatakiwa ajue yuko jimbo gani kabla hajafungua mdomo, na mikono yake iwe juu ya usukani wakati wote huo.